Mlangoni kwa Mashavu

Kila asubuhi Sikitu aliwatazama watalii wakinywa chai barazani kwa jirani yake Mashavu, na roho ikimwuma. Kamati ya mji ndiyo iliyopitisha njia ya kwenda maporomoko ya maji mlangoni kwa Mashavu, ili wageni wasikanyage chemchemi ambamo mtaa mzima huchota maji. Sikitu aliijua sababu hiyo, lakini kila kicheko kilichovuka ua kilimchoma.

Siku moja, kabla wageni hawajafika, alikiendea kibao cha mshale pale njia panda, akakigeuza kielekee kwake. Akatandika mkeka, akabandika chai ya tangawizi na mihogo.

Wakaja kweli, wakiteremka kupitia chemchemini, viatu vimejaa tope. Wakaisifu chai, wakaomba mihogo zaidi. Sikitu akachungulia ng'ambo ya ua, akafurahi kuona baraza ya mwenzake tupu.

Adhuhuri Mashavu akaja na ndoo.

"Hodi, shoga."

"Karibu," alijibu Sikitu, akingoja lawama.

"Chemchemi imevurugika, maji yote matope. Una akiba ya jana?" Kisha Mashavu akauona mkeka umejaa watu, uso ukamchanua. "Kumbe na wewe umepata wageni! Hongera. Nikusaidie kumenya mihogo?"

Tabasamu lile halikuwa na kinyongo hata chembe, na Sikitu akalionea wivu kuliko alivyowahi kumwonea Mashavu kwa wageni wake. Akauinamia mtungi. Maji yalibaki kidogo tu. Nyuma yake wageni wakaita wakitaka chai nyingine, naye akasimama na kata iliyojaa, kati ya birika na ndoo.