Mashine Mpya ya Tangawizi FC

Mshambuliaji wa Ernest alibaki yeye na kipa, akainua mguu, akaganda. Mpira nao ukaganda. Hata mashabiki jukwaani wakaganda, mikono juu. Picha iliporudi, mpira ulikuwa kwenye wavu wa Ernest mwenyewe.

Chini ya kioo ukatokea ujumbe wa kila Jumamosi: "Pole, Tangawizi FC. Kalime."

Aliyeuandika alijiita Babu Kifaru. Ernest hakuwahi kumwona wala kusikia sauti yake. Walikutana mtandaoni tu, Ernest akiwa kwao Bombo, mlimani, na mwenzake huko alikokuwa. Kwa jina lile alikwishamchora kichwani: mstaafu wa kijiji cha Kifaru, kitambi mbele, kompyuta ya maana aliyoletewa na watoto walio Ulaya. Alimchukia kwa raha zote.

Kucheza Ernest alijua. Ubovu ulikuwa wa laptop yake kuukuu, iliyochemka mpaka paka wa nyumbani akaigeuza kitanda. Lakini mwaka ule tangawizi ilikubali, na jiko lilipokwisha kuezekwa bati jipya, mama yake, Koleta, akamwambia kilichobaki ni chake.

"Sisi hatukuchagua," alisema mama. "Miaka ile ya foleni, ukikuta sabuni unachukua sabuni, hata kama ulifuata kiberiti. Ninyi mmefunguliwa maduka. Haya, nenda ukachague. Ila ukirudi na takataka, Ernest, msimu ujao shamba analima dada yako. Veneranda hadanganywi."

Huko jikoni Veneranda akacheka kwa nguvu, makusudi asikike.

Ernest akateremka Same. Katika duka la kompyuta karibu na stendi alimkuta muuzaji, Sharifa, mwanamke wa rika lake, ameshika kitambaa cha vumbi. Laptop ya kwanza tu kuonyeshwa ikamteka: nyekundu, taa zinabadilika rangi chini ya vitufe.

"Nifungie hii, dada."

"Ijaribu kwanza, kaka. Unacheza gemu gani?"

"Mpira."

Akaunganisha mtandao wa duka, akaingia kwenye mchezo. Kioo kikaandika kwa herufi kubwa: KARIBU TENA, TANGAWIZI FC.

Kitambaa cha Sharifa kikasimama. Alikitazama kioo, akamtazama Ernest kuanzia viatu vyenye udongo wa mlimani hadi usoni. Kisha akaifunga ile laptop.

"Hii sikuuzii."

"Kwa nini?"

"Taa nyingi, nguvu haba. Itachemka, na picha itakuganda umebaki na kipa tu."

Ernest alishtuka kidogo, halafu akajiambia wauzaji hawaishiwi maneno. Sharifa akaingia stoo, akatoka na nyingine: nyeusi, nene, nzito kama tofali, haina taa hata moja.

"Hii ina kadi yake ya picha, na feni mbili. Bei ile ile."

Bei ile ile! Hapo ndipo Ernest alipoingiwa na wasiwasi. Hezroni, fundi simu aliyekuwa na meza yake pembeni mle dukani, akamwinamia sikioni: "Ndugu yangu, hiyo imekaa stoo siku nyingi. Ukiona unasukumiwa kitu, jiulize."

Kichwani Ernest akamwona Veneranda na jembe begani, anaingia shambani kwake. Akaisogeza ile nyeusi pembeni, akageuka kuondoka.

"Kaka," Sharifa akamwita. "Unataka kupendeza, au unataka kushinda?"

Swali lilimchoma. Akarudi, akacheza na mashine ile mpaka shingo ikauma. Haikuganda hata mara moja. Akalipa, lakini njia nzima ya kupanda mlima, ndani ya gari, boksi mapajani, alijiuliza kama hakudanganywa. Dukani kila kitu huwa kizima.

Mama aliizunguka ile laptop pale mezani. "Hii? Nyeusi kama sufuria ya makande?"

"Mbegu za msimu ujao nitachagua mwenyewe," alisema Veneranda.

Jumamosi mchana, wote wawili walikaa nyuma yake kama waamuzi. Babu Kifaru alikuwepo, na hakuchelewa kufunga la kwanza. Ernest akasawazisha. Babu akaongeza, Ernest akasawazisha tena. Picha ilitiririka kama maji ya mfereji. Kila alichotaka miguu ifanye, ilifanya. Kwa mara ya kwanza aliona jinsi mpinzani wake anavyocheza: kwa ujanja, kwa utani, pasi za kisigino pasipo lazima. Alijikuta anacheka.

Mchezo ukikaribia kwisha, akapata kona. Akaichonga. Beki wake mrefu akapaa juu ya watu wote, akapiga kichwa.

Wavu ukatikisika. Mama Koleta, ambaye hakujua upande upi ni wa mwanawe, alipiga vigelegele. Veneranda akanyanyuka, akajikung'uta kanga. "Haya, lima shamba lako. Mashine umepata."

Ernest alingoja ujumbe. Safari hii hayakuja maandishi. Ilikuja sauti iliyorekodiwa. Akaifungua, amejiandaa kusikia kikohozi cha mstaafu.

Kikatoka kicheko cha mwanamke. "Sasa ndiyo tumecheza, kaka! Siku zote hizo nilikuwa nafunga sanamu."

Na nyuma ya kicheko hicho, mteja fulani akaita kwa haraka: "Dada Sharifa, chaja za pini nyembamba zipo?"