Jina la Asa Pruett

Chupa ya shampeni ilipasuka kwenye omo ya meli mpya iliyoitwa Asa Pruett, na mjane wa mwenye jina hilo akapaza sauti kiwanja kizima cha kuundia meli cha Savannah kimsikie: "Marehemu Asa Pruett aliwapenda wafanyakazi wake kama wanawe wa kuwazaa!"

Orlene, mchomeleaji, akatema mate. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vililiwa na mashine katika kiwanda cha nguo cha huyo baba mwenye huruma, aliyeagiza isizimwe mpaka kitambaa kiishe.

"Na bado umemchomelea herufi za jina vizuri hivyo!" fundi rangi alimtania.

"Meli ni ya mabaharia, kaka. Wao wamenikosea nini?"

Meli ikavutwa gatini. Mjane na wageni wake walipokwenda kula keki, fundi rangi alileta ndoo ya rangi ya kijivu. Ndiyo sheria ya vita: jina hufutwa kabla ya safari, adui asije akalisoma.

Orlene akavua glavu ya kushoto.

"Nipe brashi."

"Hii si kazi yako, dada."

"Nani kasema ni kazi?" Akaichovya mpaka mpinini.