Aliyeleta Habari ya Kifo

Siku habari ya Guled ilipofika Waberi, mtaa wa Garissa, mama yake, Bishara, alikuwa akikamua mbuzi uani. Rage mwenye duka alikuja mbio bila viatu, simu bado mkononi. Mtu asiyemjua alikuwa amempigia kutoka ng'ambo, sauti ikikatika-katika. Alisema boti imepinduka kati ya Libya na Italia. Yeye alisafiri na Guled na amemwona akizama. "Waambie wamswalie," akasema, simu ikakatika.

Wakamswalia swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo. Anab, mkewe, akakaa eda. Ilipokwisha, wazee wakaleta neno la dumaal, desturi ya mjane kuolewa na ndugu wa marehemu. Akaolewa na Mahat, mdogo wake Guled, ili binti yake Ugbad asilelewe na ukoo mwingine.

Miaka saba ikapita. Anab sasa alikuwa na mimba ya Mahat. Asubuhi moja ujumbe ukaingia kwenye simu yake: "Mimi ndiye niliyempigia Rage siku ile. Niko Garissa. Nataka kukuomba msamaha."

Mahat aliusoma, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Ni dalali huyu," akasema. "Ndio wanaowajaza vijana wetu kwenye maboti mabovu, halafu wanapiga simu za pole. Mwite mahali penye watu. Mimi nitakaa nje na bakora yangu. Ukishamjua, niite."

Anab akachagua mkahawa mpya wa Kiitaliano ulio ukingoni mwa Mto Tana, wenye vitambaa vyeupe mezani, ambako kipande kimoja cha nyama huuzwa kama mbuzi mzima. Hakuna jamaa yao aliyewahi kula pale.

Mgeni alikuwa ameshaketi upande wa maji. Alikuwa mnene, ndevu zina mvi, amevaa koti katika joto lile la alasiri. Anab alisimama mlangoni, mkono tumboni. Kwa miaka yote alikuwa amembunia mtu huyu uso. Haukuwa huu.

"Anab," mgeni akasema, akiinuka.

"Keti."

Mhudumu, Mutuku, akaja na tabasamu lake. Anab akaagiza maji tu.

"Na steki ya bwana iive vipi?"

"Ibaki na damu," mgeni akasema.

Mutuku akacheka. "Wazee wa hapa nikiwaletea hivyo wananifukuza. Wananiambia, wewe Mkamba, huyu ng'ombe bado analia!"

"Huyu amejifunza kula damu," Anab akasema. Yeye hakucheka.

Nyama ikaletwa. Mgeni hakuigusa.

"Nilikuwa nimebanwa, wallahi," akasema. "Kule ukikosa karatasi za ukaazi wewe ni mbwa. Niliona simu moja itayamaliza yote, kila mtu aendelee na maisha yake."

Anab akanywa maji yake.

"Na mama?" mgeni akauliza. "Hooyo yu hai?"

"Hooyo Bishara alikufa. Tangu simu yako, alimuuliza kila aliyetoka pwani kama maji ya bahari ni baridi. Siku yake ya mwisho alivua shuka lake, akaniambia nimfunike Guled."

Mgeni akajifunika uso kwa kitambaa cha mezani.

"Kula," Anab akasema. "Inapoa."

"Na Ugbad?"

"Ana baba."

Mgeni akakishusha kitambaa. "Ukinisamehe wewe, ukoo utanisamehe. Nipeleke nyumbani, Anab. Nitasema yote mbele ya wazee. Nitasema niliwadanganya."

Anab alimtazama akijifuta machozi na makamasi kwa kitambaa kilekile. Akatoa simu kwenye mkoba.

"Njoo," akasema. "Ni yeye."

Mahat aliingia kwa hatua ndefu, bakora mkononi. Mutuku akarudi nyuma na sahani zake. Mgeni hakukimbia. Alisimama, akafungua mikono.

Hatua chache kutoka mezani, Mahat akasita. Bakora ikashuka. Aliutazama ule uso kwa muda mrefu. Kisha akalitazama tumbo la mkewe.

"Ndiye?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ndiye aliyetuletea habari ya kifo cha Guled," Anab akasema.

"Mahat," mgeni akasema. "Mdogo wangu. Ni mimi."

Mahat akaihamishia bakora mkono wa pili.

"Kaka yangu tulimswalia," akasema. "Mungu amrehemu."

Akamshika mkewe mkono, wakatoka. Guled akabaki amesimama palepale, mikono wazi.

Mtoto atazaliwa mwezi ujao. Akiwa wa kiume, ataitwa Guled.