Miwani ya Xi'an

Ndani ya ukuta wa kale wa mji wa Xi'an, China, kila mgeni huvaa miwani inayoficha chochote ambacho hakijatimiza miaka mia moja. Maghorofa ya vioo yanatoweka, treni zinatoweka, na watalii wenzako pia. Mimi na mume wangu, Baba Mwanaidi, tulipanda ukutani tumeshikana mikono. Niliona mnara wa kengele, mapaa yaliyopinda, na bikizee mmoja tu akiota jua. Mume wangu sikumwona, wala yeye hakuniona.

Ndipo akaanza kuongea. Mtu ambaye nyumbani hunijibu kwa kuguna aliniambia alivyotetemeka siku ya posa, na kwamba bado anaipenda sauti yangu. Nililia pale pale, na hakuna aliyeniona.

Nje ya lango tukavua miwani. Akanitazama, akaguna.

"Hii inauzwa?" akamuuliza Lihua, binti aliyekuwa akitutembeza.

Sasa tumerudi Tanga. Kila jioni, tukishakula, anaivaa. Nyumba yetu tumeijenga juzijuzi tu, kwa hiyo yeye anaona pori. Anakaa kwenye kochi asiloliona, ananiita kwa majina ya wakati wa uchumba. Mwanzoni nilikuwa najiremba, mjinga mimi.

Jana nilitoka kuanua nguo. Niliporudi alikuwa bado anaongea na kiti changu kitupu, anacheka.

"Unaona nini huko?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, Mama Mwanaidi," akasema kwa raha. "Hakuna kitu kabisa."