Miche Iliyokataa Kushika

Wavinya aliuvuta mche wa nne, nao ukatoka kama kijiti kilichochomekwa mchangani. Mizizi ilikuwa imekauka kama nyuzi za katani. Ule udongo mweusi aliouchanganya kwa mikono yake kitaluni haukuwepo hata chembe.

"Mia mbili za kwanza, na sasa mia mbili zingine," alisema Nyawira, mwenye boma, akiwa barazani na funguo za gari mkononi. "Mama, unaniuzia miti ama kuni?"

Wavinya aliuweka ule mche chini. Kitalu chake cha kando ya barabara kule Kabiria ndicho kilichomlea yeye na wanawe tangu mumewe afariki. Kwa miaka tisa hakuna mteja aliyemrudishia mche. Sasa miche yake ya mitarakwa ilikuwa ikifa hapa mtaani Karen kwa mara ya pili, huku mingine ya kundi hilo iliyobaki kitaluni imenawiri.

"Nitaleta mingine," akasema. "Bure."

"Ya mwisho. Ikikufa, mtaa huu wote utajua jina lako."

Nyawira akaondoka kwenda kazini. Wesonga, mfanyakazi wa shamba, alimsindikiza Wavinya hadi langoni. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache. Mara zote mbili ndiye aliyeipokea miche na kuipanda.

"Pole, mama. Hata mimi inaniuma."

"Maji ulikuwa unaweka?"

"Kila jioni. Madam akirudi ananipata na mpira mkononi."

Alisema kweli, kwani mashimo yalikuwa bado na unyevu. Basi kosa ni langu, Wavinya akawaza.

Wiki hiyo aliipitia safari ya kila mche kichwani. Mzigo wa kwanza ulienda bila kufunikwa, labda upepo wa barabarani uliukausha. Wa pili aliufunika kwa turubai, labda pikapu iliutikisa hadi udongo ukabanduka kwenye mizizi. Au aliitoa kivulini mapema mno? Mchana alikaa katikati ya miche yake akiitazama kama mzazi asiyejua mtoto anaumwa wapi.

Habari hazikai mahali pamoja. Kanisa moja la Riruta lililokuwa limeagiza miche likanyamaza. Mwenye kiwanja kilipokuwa kitalu akaanza kupita na vijana waliotaka kuoshea magari hapo, wakikipima kitalu kwa hatua huku Wavinya yumo ndani.

Akachagua miche mia mbili yenye mashina manene kuliko yote. Kwa wiki tatu aliizoesha jua kidogo kidogo na kuipunguzia maji ili ikomae. Asubuhi ya safari akainywesha mpaka karatasi za plastiki zilizoshika mizizi zikavuja. Akaipanga wima kwenye kreti za mkate, imebanana, akaifunika kwa magunia mabichi. Kisha akapanda nyuma ya pikapu na kuzibana kreti kwa magoti.

"Endesha kama umebeba mgonjwa," akamwambia dereva.

Langoni Wesonga alisema yale yale ya siku zote. "Mama, wewe rudi tu. Nitashusha mwenyewe."

"Leo nashusha mimi."

Waliipanga kivulini, karibu na chumba cha wafanyakazi. Phoebe, mke wa Wesonga, alikuwa akianika nguo. Jozi tatu za viatu vidogo vya shule zilikuwa zikikauka dirishani.

"Kumbe uko na watoto hapa? Mlihamia lini?"

"Machi, kazi ya miti ilipoanza," Wesonga akajibu. "Mashimo hayajaisha, mama. Nitapanda kesho kutwa."

"Basi ikae hapa hapa. Usishike shina, shika karatasi. Na karatasi usitoe mpaka dakika ile ya kupanda. Mizizi ikikaa juani, hata kwa muda mfupi, umeua mti, na majani hayatakuambia mpaka wiki mbili zipite."

Wesonga aliitikia kwa kichwa polepole, macho yakiwa chini.

Hapo Wavinya akashindwa kujizuia. "Ndugu yangu, wacha nikuambie ukweli. Hizi zikikufa, nafunga. Nitarudi kwetu Mutomo na sijui narudia nini. Sina shamba, sina mtu."

"Nimesikia, mama."

Wiki mbili zikapita, kisha tatu, kisha tano. Mara zile mbili Wesonga ndiye aliyempigia simu kumpa habari mbaya. Safari hii simu haikulia, na yeye akipiga haikushikwa. Jumamosi moja uvumilivu ukamwisha, akaenda Karen.

Nje ya lango palikuwa na godoro lililofungwa kwa kamba, na sufuria ndani ya karai. Hakuvijali. Alikimbia moja kwa moja hadi shambani.

Mitarakwa ilikuwa kijani, yote, safu baada ya safu, na ncha mpya laini zimechomoza. Alishika mmoja, akauvuta kidogo. Ukakataa kutoka. Akapiga magoti kwenye udongo, akalia na kumshukuru Mungu kwa Kikamba.

Alipoinua macho, Wesonga alikuwa amesimama mbele yake, amevaa shati safi, begi begani.

"Zimeshika," akasema.

"Zimeshika! Wesonga, umeniokoa! Lakini zile zingine, tulikosea wapi?"

Wesonga akavua kofia.

"Madam aliniandika kazi na kunipa chumba mpaka miti ishike, mama. Si zaidi ya hapo." Alitazama langoni, ambako Phoebe alikuwa akiwavisha watoto viatu. "Zile zingine nilitoa karatasi, nikazianika juani siku nzima ndio nikapanda. Hizi zako za mwisho nilishindwa."