Mkono Uliochana Tumbaku

Mkono wa roboti ulichana jani jingine la tumbaku, na Asmahani hakuwa na nguvu hata ya kuguna.

"Nimeyatoa shambani Usoke hayo, mwanangu," baba yake mdogo alisema, akiokota vipande sakafuni. "Njiani halikuchanika hata moja."

"Nimekusikia, Baba mdogo."

Bega la mkono ule, kiwiko na vidole, kila kiungo kilikuwa na kichakataji chake kidogo. Kichakataji kikuu ndicho kilichoviamuru vyote, hatua kwa hatua, na amri zilichelewa. Kiwiko kilikunjuka bega likiwa bado linasubiri. Mwaka mzima wa utafiti wa kuufundisha kuinua jani bila kulichana, na sasa mkuu wa chuo alikuwa njiani kuja kuamua kama chumba hicho cha utafiti kirudishwe kwa mafundi cherehani waliokitumia awali.

"Jaribu tena polepole."

"Polepole ipi tena, Baba mdogo?"

Asmahani akaushika waya wa umeme wa kichakataji kikuu, akauchomoa kwa hasira, ili mkono usimame naye aende zake nyumbani.

Mkono haukusimama. Alikuwa ameviandikia vile vichakataji vidogo programu ya kuwasiliana vyenyewe endapo kikuu kitazimika, jambo la dharura ambalo hakuwahi kulijaribu. Bega likashuka, kiwiko kikalifuata. Vidole vikapenya chini ya jani kavu, jembamba hata mwanga ulipita, vikaliinua zima pamoja na kikonyo chake.

"Umefanyaje?" baba mdogo aliuliza.

"Nimechoka tu," alisema Asmahani. Mlango ukagongwa, akaenda kumfungulia mkuu, waya ungali mkononi.