Jicho la Getini

Kabla hakujapambazuka, kitu kililia tik nje ya dirisha. Fundi redio akahesabu dakika tano gizani. Tik ya pili haikuja.

"Maji yameingia tena," akanong'ona.

Mkewe akajigeuza. "Baba watoto, lala. Nyanya zako hazitakimbia."

Nyanya ndizo alizomwambia. Kamera kuukuu aliyoitundika nje ya dirisha, inayopiga picha yenyewe kila dakika tano, ili waone zinavyokua. Na kweli nyanya zilikuwemo pichani, pembeni kabisa. Katikati lilikuwa geti na taa yake, pale mkewe anaposhushwa na pikipiki kila anapotoka masomo ya jioni. Mwenye pikipiki ni mwanafunzi mwenzake, kijana wa mabega mapana. Fundi alitaka kuona mkono wa nani unashika wapi. Wivu haukumpa usingizi.

Kulipokucha akalishusha kasha la kamera: bakuli la plastiki la chakula, mbele kioo alichokitoa kwenye fremu ya picha yao ya harusi. Akafungua picha za jana jioni. Ukungu mtupu. Pikipiki ilifanana na mbuzi, mkewe na moshi.

Mkewe akamletea chai, akachungulia begani kwake.

"Tundu la waya umetoboa juu, mume wangu. Toboa chini, maji hayapandi. Na utie vile vifuko vya kunyonya unyevu, vinavyokuja na viatu vipya."

"Umeyajulia wapi haya?"

"Shuleni, wapi tena?" Akacheka. "Eti, yule dada mshonaji unayegawana naye kibaraza cha duka, bado mnakula pamoja mchana?"

"Chakula tu, mke wangu."

"Si nimeuliza tu."

Akaenda zake kuoga, akiimba. Fundi akaminya gundi kwa hasira mpaka ikamgandisha vidole. Shuleni! Kamfundisha nani, kama si yule mwenzake mwenye mabega?

Binti yao wa miaka mitano akachuchumaa karibu yake, akaingiza kidole kwenye tundu la kasha.

"Baba, hutaki maji yaingie?"

"Sitaki, mwanangu. Lakini imenishinda."

Mtoto akamtazama kwa huruma.

"Ile kamera ya mama inayotazama duka lako haiingii maji."